Saa Kumi Alfajiri: Historia ya Mikesha Kutoka Mhonda Hadi Dumila

Kabla ya mwaka 1951, Mkatoliki wa Ilonga au Mhonda aliyetaka kusali Mkesha wa Pasaka alikwenda kanisani Jumamosi asubuhi, jua likiwa limeshachomoza. Moto mpya uliwashwa mchana kweupe. Mshumaa wa Pasaka ulibarikiwa huku mwanga wake hauonekani, na sifa za usiku ule mtakatifu ziliimbwa wakati kuku wanaparua uani. Haukuwa uzembe wa mapadre wa huku. Ndivyo Kanisa lote la Kilatini lilivyofanya kwa karne kadhaa, mpaka Papa Pius XII aliporuhusu mwaka 1951, kwa majaribio, ibada hiyo irudi usiku. Kuanzia 1956 ikawa sheria kwa wote. Kwa hiyo bibi wa miaka themanini na ushee ambaye leo hakosi kanisani usiku wa Pasaka, khanga mbili mabegani kwa baridi ya masika, alibatizwa katika Kanisa ambalo mkesha wake mkubwa kuliko yote ulisaliwa asubuhi.

Nataja jambo hili kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu mkesha huwa na makundi mawili. Kuna wanaodhani ni desturi ya tangu enzi, iliyokuja na misheni kama kengele na kanzu. Wengine wanadhani ni jambo jipya la walokole na vipaza sauti vyao. Wote wana kipande cha ukweli, lakini kilichotokea katika mabonde haya kinavutia zaidi. Dai langu ni kwamba misheni iliufunga usiku, na Wakristo Waafrika ndio walioufungua tena, wengine kwa gharama ya kufukuzwa shule.

Ukisimama Dumila, penye daraja la mto Mkundi, uko katikati ya historia hiyo. Mabasi na malori ya Dodoma hupita hapo mchana na usiku, na njia panda ya Rudewa, Ilonga na Kilosa iko hapohapo. Kaskazini-mashariki, chini ya milima ya Nguru, iko Mhonda, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1877. Kaskazini-magharibi, katika vilima vya Ukaguru, iko Mamboya, kituo cha Waanglikana wa CMS tangu karibu na 1880, na baadaye jirani yake Berega. Kusini-magharibi, kabla hujafika Kilosa mjini, iko Ilonga, misheni ya mwaka 1885. Dumila yenyewe haikuwa misheni. Ni mji wa barabara, wa soko la mahindi, mpunga na nyanya, na wa mafuriko. Imani zake zilishuka kutoka milimani au zilikuja na basi.

Wamisionari hao hawakukuta usiku mtupu. Mahindi yakianza kukomaa, watu wa mabonde haya walihamia shambani, wakakesha juu ya dungu wakilinda nguruwe pori wasimalize jasho la mwaka mzima. Kulikuwa na usiku wa kilio, ambao jirani mwema hakuupitisha kitandani kwake. Kulikuwa na usiku wa jando na unyago, ambao kwa Wakaguru ndio uliokuwa shule yenyewe: nyimbo, mafumbo na maonyo vilifundishwa giza likiwa limeingia. Tena njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita nyanda hizi, ikivuka Simbamwenni, ndiyo Morogoro ya leo, na mbuga za Mkata ambako Henry Morton Stanley alitaabika kwenye matope ya masika ya 1871. Kambi ya msafara haikulala yote. Moto ulichochewa, na zamu ya ulinzi ilizunguka.

Njia hiyohiyo ilileta Uislamu, na Uislamu ulikuja na usiku wake. Tarawehe, daku, maulidi yasiyoisha mpaka alfajiri, na mzee anayeamka peke yake kuswali wakati mtaa umelala: haya yote yalijulikana Kilosa na kandokando ya barabara kabla padre wa kwanza hajajenga ukuta. Mkristo mpya wa bondeni, akitazama jirani zake, aliona kwamba mtu anayemtafuta Mungu humtafuta pia gizani.

Misheni ilikuja na kengele. Mhonda ilianzishwa kwa mtindo wa Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefika mwaka 1868. Watoto waliokombolewa utumwani walilelewa, wakafundishwa dini na kazi, wakaozeshwa, kisha wakapelekwa bara kujenga vijiji vya Kikristo. Katika vijiji hivyo kengele iliamsha, kengele ikapeleka shambani, kengele ikaita sala ya jioni, kengele ikalaza. Waanglikana wa Ukaguru hawakuwa na ratiba ya kitawa namna hiyo, lakini walikuwa na marufuku: ngoma na pombe. Kwa kuwa ngoma ilikuwa ya usiku, marufuku ya ngoma ilikuwa kwa sehemu kubwa marufuku ya usiku wenyewe. Mkristo mzuri alikuwa mtu ambaye giza likiingia anajulikana yuko wapi.

Kulikuwa na vighairi. Misa ya usiku wa Krismasi ilikuwepo, na Alhamisi Kuu waamini walikaa mbele ya Sakramenti wakikumbuka bustani ya Gethsemane. Lakini usiku huo ulitolewa kwa ruhusa, chini ya jicho la padre, mara mbili kwa mwaka. Usiku mwingine wote ulibaki wa shaka.

Ajabu ni kwamba hadithi ya sala iliyopendwa kuliko zote katika vitabu vya misheni za Afrika ilikuwa hadithi ya usiku. Kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, David Livingstone alikuwa mgonjwa asiyepata usingizi. Alfajiri, wapata saa kumi, kijana wake Majwara alimwamsha mtumishi mwenzake, Susi, akisema anaogopa. Wakamkuta bwana wao amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa mikononi juu ya mto, amekufa. Picha hiyo ilichorwa mara nyingi Ulaya: mzungu peke yake gizani, akisali. Wachoraji hawakujishughulisha sana na Majwara, ambaye ndiye aliyekuwa zamu. Aliulizwa alilala muda gani, akasema hajui, ila ni muda mrefu. Alikuwa amemwona bwana wake akiwa magotini kabla hajalala, na alipoamka akamkuta vilevile. Yaliwapata pia Petro na wenzake bustanini, na Injili haikuwaficha. Susi, Chuma na wenzao ndio waliobeba mwili hadi pwani. Tarehe 24 Februari 1874 ulifika Bagamoyo na kulazwa usiku katika kanisa la misheni, ileile ambayo miaka mitatu baadaye ingetuma watu kwenda kuanzisha Mhonda.

Kwa hiyo shule za misheni zilifundisha watoto kumstahi mtu mmoja aliyekesha magotini, huku zikiwatia adhabu watoto hao wakikutwa nje saa hizo. Mgongano huo ulikuwa lazima ulipuke siku moja.

Ulilipuka mbali na Dumila, lakini wimbi lake lilifika. Gahini, mashariki ya Rwanda, hospitali ya misheni ya Kianglikana ilikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church. Septemba 1929, akiwa Kampala, alikutana na Mganda aitwaye Simeon Nsibambi huko Namirembe, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Kutoka mkutano ule, na kazi ya watu kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka, aliyesimamia wahudumu wa hospitali ya Gahini, likazuka vuguvugu ambalo tunaliita Uamsho wa Afrika Mashariki. Alama zake zilikuwa kuungama hadharani, kulipa ulichoiba, kuita dhambi kwa jina lake, na kukusanyika. Walikusanyika wakati wowote, na mara nyingi usiku, kwa sababu mchana ulikuwa wa kazi na wa mwajiri. Blasio alifariki Januari 1936, bado kijana, na kifo chake kilisukuma wimbi mbele.

Kufikia mwaka 1941 wimbi lilikuwa limefika Chuo cha Theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, karibu na Kampala, ambako Kanisa la Uganda lilifundisha makasisi wake. Hapo ndipo ugomvi juu ya usiku ulipopata mahali, mwezi na idadi ya watu.

Kundi la wanafunzi waliookoka, kiongozi wao akiwa William Nagenda, lilikuwa na desturi ya kuamka saa kumi alfajiri kusali pamoja. Baada ya sala walihubiri kwa wenzao, na hawakuwa na haya ya kusema wazi kwamba chuoni mna wizi, mna uzinzi, na mna walimu wanaofundisha Biblia kana kwamba ni kitabu cha kawaida. Wenzao waliokuwa wamelala walilalamika. Uongozi ukatoa amri: hakuna mkusanyiko wa sala saa hizo. Wanafunzi wakajibu kwamba wanamtii mkuu wa chuo katika mambo yote, lakini hawawezi kuacha kusali. Wakaamka tena saa kumi. Oktoba 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa, Nagenda akiwemo.

Nimelifikiria sana tukio hili, na sidhani kwamba uongozi ulikuwa mwovu. Mtu anayeongoza bweni anajua maana ya vijana kuamka saa kumi na kuimba. Ni haki ya aliyelala kulala. Lakini tazama kosa lililowafukuzisha. Hawakuiba, hawakulewa, hawakupigana. Waliamka mapema mno, wakakataa kurudi kitandani. Shule ileile iliyowafundisha habari za Paulo na Sila waliosali usiku wa manane gerezani Filipi haikuwa na nafasi ya usiku wa manane katika ratiba yake. Nagenda hakuwahi kuwa kasisi. Akabaki mwinjilisti wa kawaida maisha yake yote, akihubiri hata Ulaya, wala yeye na ndugu zake hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani, jambo ambalo kwa wakubwa wa kanisa lilikuwa gumu zaidi kuliko kama wangeondoka.

Huku Tanganyika Uamsho uliingia kwa mlango wa Katoke, chuo cha walimu cha Waanglikana katika nchi ya ziwa, mwaka 1939, ukawafikia pia Walutheri wa Bukoba. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Ukashuka katikati ya nchi pamoja na walimu. Baada tu ya Vita Kuu ya Pili, mwalimu kijana kutoka Kigezi, Uganda, Festo Kivengere, alihamia Dodoma na mkewe Mera kufundisha katika shule ya Alliance. Nyumba yake ikawa ya kukutania. Ukaguru ilikuwa chini ya dayosisi ileile ya Tanganyika ya Kati, kwa hiyo mwalimu aliyeokoka Dodoma angeweza kujikuta Berega au Mamboya muhula unaofuata, Biblia mkononi na koroboi mezani.

Wakuu wa kanisa wakabadilika pia. Mei 1955, huko Namirembe, Yohana Omari alitawazwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika Uanglikana wa Tanganyika, siku moja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Daniel Deng Atong wa Sudan. Mwaka 1959 Omari na Kivengere walikwenda Australia, nchi ambayo wamisionari wake ndio walioendesha dayosisi yao, wakawahubiria watu wa huko toba. Dayosisi ya Morogoro ilipozaliwa mwaka 1965, askofu wake wa kwanza alikuwa Gresford Chitemo, Mkaguru na ndugu wa Uamsho. Miaka 24 tu tangu wanafunzi wafukuzwe Mukono kwa kusali saa kumi, nchi inayozunguka Dumila ilikuwa na askofu aliyelelewa na sala za namna ileile. Mkesha ulikuwa umepata kofia.

Jambo hili si la Afrika peke yake, na wasemao kwamba mkesha ni ngoma iliyovaa msalaba wangefaa wasome habari za Kingswood. Huko Uingereza, karibu na Bristol, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa na desturi ya kumaliza usiku vilabuni. Walipoguswa na mahubiri ya John Wesley, walichukua usiku uleule wakaujaza sala na nyimbo. Watu wakamwambia Wesley apige marufuku. Akatafakari, akaona Wakristo wa kwanza walifanya hivyo, na mwaka 1742 akaufanya mkesha kuwa ibada rasmi ya Wamethodisti. Wamoravian walikuwa wamemtangulia. Tangu Agosti 1727, kule Herrnhut Ujerumani, waligawana saa ishirini na nne za siku kwa zamu za maombi, na utaratibu huo ukadumu zaidi ya miaka mia moja. Walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi ya kuamkia Pasaka makaburini, na watu wa Mbeya na Tabora wanaijua mpaka leo. Popote penye watu wenye usiku wa kwao, imani ikiingia kwelikweli, lazima iingie na usikuni. Isipoingia, usiku unabaki wa wenyewe wa zamani.

Miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, wengi wao kandokando ya barabara. Mengi yamesemwa juu ya maumivu yake na sitayarudia. Lakini nadhani ilifanya jambo moja ambalo hakuna aliyelipanga: watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila ukoo kwenye kilima chake, sasa walikuwa mwito mmoja kutoka kwa mwenzao. Mama wa kijijini angeweza kutoka kwake usiku, akafika penye maombi, akarudi kabla mtoto hajaamka.

Baadaye wakaja Wapentekoste, na usiku ukapata umeme. Moses Kulola, aliyejitenga na Assemblies of God na kuanzisha kanisa la EAGT mwaka 1991, alikuwa amekwisha kuwazoesha Watanzania mkutano mkubwa wa injili. Wanafunzi wa sekondari na vyuo wakajifunza mkesha katika vikundi vya dini shuleni, wakarudi nao makwao likizo. Ijumaa ikawa siku yake karibu nchi nzima. Jenereta, kinanda, spika mbili, pambio moja linalozunguka kwa dakika ishirini bila mtu kuchoka. Wakatoliki nao hawakubaki nyuma: Saa Takatifu, kuabudu Ekaristi usiku, wanakarismatiki, rozari za jumuiya ndogondogo. Ukipita Dumila na basi la usiku mwezi wa Desemba, tarehe 31, si rahisi kutofautisha kwa sauti peke yake kanisa la nani linakesha.

Usiku wa mabonde haya, hata hivyo, haukuwa wa nyimbo tu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, kwenye njia ya kutoka Dumila kwenda Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Januari 2014 Mkundi ulifurika, ukaingia majumbani Magole na Dumila, ukakata barabara kuu ya Dodoma, mpaka Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akapiga kambi hapo kusimamia matengenezo. Familia zililala kwenye mahema. Watu waliopitia hayo wanajua kukesha ambako hakuna aliyekutangaza kanisani. Mvua ikinyesha milimani, mtu wa bondeni halali. Anasikiliza mto. Akiwa Mkristo anasali, na sala hiyo haina pambio.

Sala ya namna hii haina jukwaa, na ndiyo ninayoona tunaisahau tunapohesabu mikesha. Wasiolala ni wengi kuliko wanaokesha. Kuna wazee ambao usingizi umewakimbia, mama anayenyonyesha, kijana anayedaiwa, mjane, dereva wa lori aliyeegesha njia panda asiweze kufumba macho. Kwao usiku haukuchaguliwa.

Watafiti walipochunguza usingizi hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa bonde la Eyasi, walipata matokeo ya kushangaza, yaliyotangazwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja haukuzidi dakika 18. Karibu kila wakati kulikuwa na mtu macho, au anajigeuza, na umri ulikuwa sababu kubwa: wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa. David Samson na wenzake wakaona kwamba huenda kundi la binadamu limejengwa hivyo, ili pasikosekane mlinzi. Naye mwanahistoria Mmarekani Roger Ekirch, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alionyesha kwamba Ulaya ya zamani watu walilala kwa awamu mbili, wakaamka katikati kwa saa moja hivi kusali, kuzungumza au kuwaza, na hakuna aliyewaita wagonjwa.

Sipendi kuchanganya sayansi na mahubiri, na hawa hawakuandika ili watu wasali. Lakini mtu wa mabonde ya Mkundi anayeamka saa tisa usiku akajilaumu kwamba ana kasoro atafarijika kujua kwamba yuko kwenye zamu ya kale sana. Samweli aliitwa usiku akadhani ni Eli. Yakobo alishindana mpaka alfajiri kwenye kivuko cha Yaboki. Yesu, kabla ya kuchagua mitume kumi na wawili, alimaliza usiku mlimani.

Wamonaki, waliofanya kazi hii kwa muda mrefu kuliko wote, walikuwa na busara ambayo mikesha yetu mara nyingi inaikosa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inaagiza kwamba wakati wa baridi watawa waamke saa nane ya usiku, na sababu anayoitoa ni ya kimama kabisa: wawe wamelala zaidi ya nusu ya usiku na chakula kimeshashuka. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo juu ya saa hiyo. Warumi walihesabu usiku kama sisi, tangu jua kuzama, kwa hiyo saa nane yake ni saa nane yetu. Hakusema wasilale. Alisema walale mapema. Wabenediktini walipofika Pugu mwaka 1888, kisha Peramiho 1898, walikuja na kanuni hiyo mfukoni.

Ndiyo maana naona mkesha wa mtu mmoja una kanuni zake, ambazo wazee wetu wa sala huziishi bila kuziandika. Hawawashi taa wala simu. Hawajilazimishi maneno mengi. Wengine hushika rozari na kuiacha ipite vidoleni. Wengine wana majina: mtoto aliyeko Dar es Salaam, jirani aliyelazwa Berega, mkwe asiyeelewana na mumewe, marehemu wa mwaka ule, jina baada ya jina mpaka usingizi urudi, na ukirudi hawaupingi. Wapo wanaokariri zaburi moja tu. Na wapo wanaokaa kimya, jambo gumu kuliko yote. Ila usiku wa aina hiyo ukiwa mwezi wa tatu mfululizo, na mtu anakonda, au moyo umekuwa mzito hata mchana, sala isimzuie kwenda hospitali. Berega ni hospitali ya kanisa, na waliomwomba Mungu kwa miaka yote hii ndio walioijenga.

Upande wa pili kuna kelele. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, limeshagombana na makanisa na baa kwa sheria ileile ya sauti, na majirani wengi hawaoni tofauti kati ya vyote viwili saa tisa usiku. Ni ugomvi wa Mukono umerudi, safari hii mlalamikaji akiwa mtaa mzima, na mara hii niko upande wa aliyelala. Wanafunzi wale 26 hawakuwa na spika.

Kinachonisumbua ni kwamba historia hii haina daftari. Vitabu vya parokia vina safu ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa na ya mazishi. Ripoti za misheni zinahesabu shule na wagonjwa. Hakuna safu ya waliokesha. Waliookoka Ukaguru miaka ya 1950 ni wazee sana sasa. Mwenye bibi au babu wa namna hiyo, kati ya Magubike na Gairo au huku chini Dumila, angefanya vema kwenda kumwuliza kabla ya masika ijayo: walikutania nyumbani kwa nani, mafuta ya taa alinunua nani, pambio alianzisha nani, mchungaji alisema nini asubuhi yake, na walipofika shambani siku ile walilima, au walisinzia kwenye jembe.